Mzigo Mzito Kabla ya Saa Tisa: Kazi ya Kujaza Shelfu Usiku, Unguja na Pemba

Supamaketi ikifunga milango saa nne usiku, kazi ya pili ndiyo kwanza inaanza. Mali iliyoshuka bandarini Malindi mchana imerundikwa stoo, na asubuhi mteja anataka kuikuta imesimama kwenye shelfu, uso mbele, bei chini yake. Kati ya hapo pana saa nane na watu watano au sita. Anayeanza kazi hii hudhani siri yake ni wepesi wa mikono. Mwepesi asiye na mpango huonekana shujaa mpaka saa nane. Ikifika saa kumi unamkuta kasimama katikati ya njia na katoni ya maji kifuani, hakumbuki alikuwa anaipeleka wapi.

Saa ya kuogopwa ni saa tisa. Kuanzia hapo mpaka saa kumi na moja joto la mwili hushuka, macho huwa mazito na hesabu huanza kukosewa, na hali hiyo humpata hata aliyefanya kazi hii miaka mingi. Kwa hiyo usiku mzima upangwe kwa kuitazama saa hiyo. Kizito, kilicho juu na kinachovunjika kimalizike kabla yake. Kilicho chepesi, cha usawa wa kifua na cha kutazamwa kwa macho tu kibakizwe baada yake. Ajali nyingi za zamu ya usiku, ukizifuatilia, utakuta kuna mtu aliyekuwa akibeba ndoo au kupanda ngazi saa ambayo angekuwa anafuta vumbi.

Hesabu kabla ya kufungua katoni

Kwa chakula kikavu cha kawaida, anza na makadirio ya katoni 40 kwa saa kwa mtu mzoefu. Zamu ya saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa nane. Toa saa moja ya mapumziko na sala, saa moja ya kupokea na kutawanya mzigo, na saa moja ya kuvuta bidhaa mbele na kusafisha. Zinabaki tano. Watu watano, saa tano, katoni 40: ni katoni 1,000. Ikiwa stoo zimo 1,300, msimamizi aambiwe saa nne, asije akaambiwa saa kumi. Yeye ndiye wa kusema nini kilale stoo. Vipodozi, madaftari ya skuli na vyombo vya plastiki vinaweza kusubiri kesho. Maji, maziwa, unga, mchele na pampasi haviwezi.

Baada ya wiki mbili utakuwa na namba za timu yako mwenyewe, na hizo ndizo za kufuata. Katoni ya viungo yenye pakiti 48 ndogo hula muda mara mbili ya katoni ya mafuta, kwa vile kila pakiti inasimamishwa peke yake. Katoni ya pampasi ni kubwa kama kabati lakini inamalizika kwa kunyoosha mkono mara nne.

Kisha tawanya kabla ya kufungua. Kila katoni ipelekwe mwanzoni mwa njia yake na iwekwe chini ya shelfu inayohusika, upande mmoja tu wa njia, ili toroli ipite. Timu nyingi huruka hatua hii kwa kuwa haionekani kama kazi, halafu usiku kucha watu wanapishana stoo kutafuta katoni moja moja. Toroli ipakiwe kizito chini, na mzigo usipite macho ya anayesukuma. Mlango wa dharura usizibwe hata kwa dakika tano.

Uzito ujulikane kwa namba, usikisiwe. Maji ya lita moja na nusu, chupa 12, ni kilo 18. Maziwa ya boksi ya lita moja, 12, ni zaidi kidogo ya kilo 12. Ndoo ya mafuta ya lita 20 ni kama kilo 19. Mfuko wa sukari wa kilo 50 hubebwa na wawili au hupanda toroli. Kijana akikuambia kwamba mahamali wa bandarini wanaubeba peke yao, mwambie atazame vizuri: hamali hutwikwa begani na mwenzake, kisha hutembea moja kwa moja. Wewe unainua kutoka sakafuni na kugeuka kiuno katika njia nyembamba. Mgongo huharibiwa na kule kugeuka. Geuza miguu kwanza, kiuno kifuate.

Baridi kwanza

Kabla ya chakula kikavu, maliza mali ya baridi. Friji ya maziwa na mtindi isipite digrii 5, friza iwe digrii 18 chini ya sifuri. Toa stoo ya baridi kile tu kinachoweza kuingia kwenye shelfu ndani ya dakika 20. Katika joto letu hata hizo ni nyingi kwa samaki na aiskrimu. Usijaze kupita mstari uliochorwa ndani ya friza ya wazi. Juu ya mstari ule hewa baridi haifiki, na pakiti ya juu italainika huku kipimo kikionesha kila kitu ni salama.

Katoni ikitoka kwenye baridi hutoa jasho, na boksi lililolowa hupasuka chini. Ibebe kwa kiganja kilicho chini yake, usiikamate kwa masikio. Futa chupa kabla ya kuzipanga, la sivyo lebo zitabanduka.

Umeme ukikatika, la kwanza ni kutazama saa na kuiandika. La pili ni kutofungua kitu. Friza ya mfuniko iliyojaa, ikiachwa imefungwa, hushika baridi kama siku mbili; iliyojaa nusu, siku moja. Friji ya kawaida iliyofungwa, saa nne. Friji ya wazi ya dukani haina rehema hiyo: jenereta lisipowaka upesi, mali yake ihamishwe stoo ya baridi au ifunikwe. Wanaokumbuka giza la Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika na Unguja yote ikakaa bila umeme wa gridi, hawahitaji kuelezwa kwa nini mafuta ya jenereta hukaguliwa mwanzo wa zamu.

Kisu, tarehe na uso

Kisu cha katoni kitolewe ulimi kiasi cha kupasua utepe na boksi tu, kama nusu sentimita. Pitisha juu ya utepe, mkono mwingine ukiwa nyuma ya kisu, na ukate kwenda mbali na mwili. Anayekata katikati ya katoni kwa kina atapasua pakiti ya kwanza ya sukari, na asiitambue mpaka chungu wamwoneshe. Pakiti iliyopasuka haihamishiwi kwenye mfuko mwingine. Mifuko ya plastiki yenyewe imepigwa marufuku Zanzibar. Iende kwenye ndoo yenye mfuniko ya vilivyoharibika na iandikwe.

Tarehe ndipo palipo kazi yenyewe. Kanuni inajulikana na kila mtu: ya zamani mbele, mpya nyuma. Inavyovunjwa nayo inajulikana: saa kumi mtu amechoka, anachomeka mpya mbele na kusukuma za zamani ndani. Utaratibu sahihi ni kutoa za zamani zote na kuziweka kwenye toroli, kufuta shelfu, kuingiza mpya hadi nyuma, kisha kurudisha za zamani mbele. Ukitaka kujua kama shelfu imechomekwa, pitisha kidole juu ya makopo ya nyuma kabisa. Vumbi likishika kidole, na ukingo wa kopo ukiwa na kutu ya hewa ya bahari, hapo pana mali iliyododa miezi. Kopo lililovimba, au lililobonyea kwenye mshono, halirudi kwenye shelfu.

Soma muhuri polepole. Kuna tarehe mbili, ya kutengenezwa na ya kuisha, na macho ya usiku huchukua ile isiyotakiwa. Angalia herufi EXP: hiyo ndiyo ya kuisha. Halafu kuna 05/06: ni Juni au Mei? Bidhaa nyingi zetu huanza na siku, lakini za Marekani huanza na mwezi. Tazama tarehe ya kutengenezwa kwenye pakiti hiyohiyo. Ikiwa ni 20/01, basi mtengenezaji huyo anaanza na siku, maana hakuna mwezi wa ishirini. Zikiwa zote mbili na utata, weka pembeni na uandike, usikisie.

Kilichoisha muda kitolewe, kihesabiwe, kifungwe kwenye katoni iliyoandikwa kwa kalamu nene, na kiwekwe mbali na mali nzima. Wakaguzi wa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar wakiikuta pakiti moja kwenye shelfu, hawataulizia ilipita mikononi mwa nani. Kukipeleka nyumbani "kwa kuwa bado kizima" ni kosa mara mbili: ni wizi, na kinaweza kuwa sumu kwa watoto wako.

Kuvuta mbele ni kazi ya saa kumi. Haina uzito wala kisu. Kila bidhaa inasogezwa hadi ukingo wa shelfu, jina likimtazama mteja, mbili kwenda juu pale inapowezekana. Anza njia ya mlangoni, kwani ndiyo itakayoonwa kwanza.

Katoni tupu zibonyezwe zote ziwe bapa, bila kubakiza hata moja. Zinapunguza nafasi, ndiyo, lakini sababu kubwa ni nyingine: katoni bapa haifichi kitu. Pakiti iliyosahaulika ndani ya boksi lililoenda jaani itahesabika kuwa imeibiwa, na jina litakalotajwa ni la aliyekuwa njia ile.

Stoo nayo ina maadui wake. Unga, sukari na biskuti zikae juu ya mbao, shubiri moja kutoka ukutani, na kamwe zisiwe chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji. Masika, Machi hadi Mei, ukuta wenyewe hutoka jasho. Katoni zipangwe kwa kupishana kama matofali, vinginevyo ya chini ikilainika mlima mzima utainama upande mmoja. Panya hutangulia kula pakiti zilizo kwenye pembe.

Mafuta yakimwagika, mmoja asimame palepale na asiondoke. Mwingine akalete unga wa mbao au mchanga mkavu. Maji ya kwanza ndiyo kosa la kwanza, kwani yanayasambaza. Nyonya, zoa, kisha sabuni ya unga na maji ya moto. Vigae vya chupa vizolewe kwa vipande viwili vya boksi, si kwa vidole.

Watu wa usiku

Timu ya usiku ni ndogo na mlango umefungwa, kwa hiyo adabu ina uzito kuliko mchana. Ukiingia, toa salamu kwa wote, uanze na mkubwa kwa umri hata kama cheo chake ni kidogo: "Assalaam alaykum. Shikamoo mzee." Wenzako ni kaka na dada, mwanamke mtu mzima ni bibi fulani, usimwite kwa jina kavu. Msimamizi kijana mwenye akili hamwamrishi mzee wa zamu mbele ya watu. Husema, "Mzee, naona njia ya mafuta leo nzito, unaonaje tumpe huyu kijana akusaidie?" Katoni zitahama zilezile, na heshima itabaki.

Ugawaji wa njia ndio chanzo cha manung'uniko mengi. Njia ya maji na mafuta inavunja mgongo, ya viungo inachosha macho, na ya pampasi ni starehe. Zizungushwe kila wiki na ratiba ibandikwe ukutani. Pale ambapo mgeni hupewa maji mwezi mzima "apimwe", utamkuta mgeni huyo ameacha kazi kabla ya mwezi kwisha, na maji yamerudi kwa mzee yule yule.

Utani ni chai ya kazi hii. Simba na Yanga, Mpemba na Muunguja, mwenye mke mpya na mwenye deni la duka: yote huvumilika baina ya wanaojuana. Mgeni asikilize kwanza wiki moja ndiyo atie mguu. Siasa za vyama ziachwe nje, hasa mwaka wa uchaguzi. Saa tisa usiku, watu wamechoka na wana visu mikononi, hapana mjadala wa chama unaoisha vizuri.

Chakula huliwa pamoja, kama saa saba. Sinia moja, kila mtu na alicholeta: boflo na maharage, chapati, samaki wa kukaanga. Wali mwingi wa nazi wakati huo utakulaza, basi uwe kidogo. Kahawa chungu ya mwisho iwe saa nane, maana nusu ya nguvu yake itakuwa bado mwilini saa tano au sita baadaye, ukiwa kitandani unatazama dari.

Sala ya Alfajiri huingia karibu na saa kumi na moja. Waende kwa makundi mawili ili sakafu isibaki bila mtu. Hapa kuna hatari ambayo hakuna mabango yanayoitaja: miguu ya udhu. Mtu anatoka msalani na ndara zilizolowa, anakatiza njia ya mafuta, na kigae kinakuwa kama barafu. Weka tambara zito mlangoni mwa msala, ndara ziishie hapo, na viatu vya kufunika vidole vivaliwe kabla ya kurudi kazini.

Kupekuliwa begi wakati wa kutoka humkera kila mtu, na hupunguza ukali pale msimamizi anapokuwa wa kwanza kufungua lake. Ukinunua soda ya kunywa, ifanyike kabla keshia hajafunga mashine, na risiti ifungwe kwenye chupa kwa utepe. Usile kitu cha pakiti iliyopasuka hata kama kitatupwa. Kamera inaona unatafuna, haioni pakiti ilipasukaje.

Jambo moja lisijadiliwe wala kubembelezwa: funguo. Baadhi ya maduka huwafungia watu kwa nje kwa kuogopa wizi. Moto ukianza kwenye waya wa friji, mlango huo ni jeneza. Funguo moja ikae ndani usiku kucha, mahali panapojulikana na wote, hata kama ndani ya boksi lenye kioo cha kuvunjwa.

Ramadhani na Pemba

Ramadhani hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo mpango wa mwaka jana haufai kunakiliwa tarehe kwa tarehe. Tende, tambi, unga wa ngano, sukari, mafuta na maziwa huondoka mara kadhaa ya kawaida. Zipewe nafasi pana tangu wiki ya mwisho ya Shaaban. Watu huja baada ya tarawehe, hivyo mzigo mzito usukumwe mara tu wanapoingia, wakiwa bado na nguvu ya futari. Daku iliwe kama saa tisa na nusu, na maji ya kutosha yanywewe kidogo kidogo. Baada ya hapo mfungaji asipewe ngazi wala ndoo: ni kuvuta mbele, lebo za bei na ufagio.

Pemba, tatizo ni meli. Mali hushuka Mkoani au Wete, kisha husafiri kwa gari hadi mjini Chake Chake. Kusi likivuma, ratiba ya chombo ni ahadi tu. Usiwaite watu kabla gari halijatoka bandarini. Waambie mchana kwamba kuna uwezekano, na mwenye simu athibitishe saa mbili usiku. Walioitwa mara tatu bure hawatakuja mara ya nne. Na iwe Pemba au Unguja, swali la daladala liulizwe siku ya kuajiriwa: gari za abiria hazimsubiri mtu alfajiri, na wanaoumia zaidi ni akina dada, basi gari ya kazi iwepo au zamu iishe kukiwa kweupe.

Daftari la makabidhiano

Watu wa mchana wataamini usiku ulikuwa wa kulala, isipokuwa kama kuna maandishi. Andika mistari mifupi:

Unga wa ngano kilo 2: shelfu tupu, stoo hakuna, haujaja.
Friji ya maziwa: saa 4 digrii 4, saa 8 digrii 4, saa 11 digrii 7. Mlango haushiki, fundi aitwe.
Mafuta lita 1: chupa 2 zimepasuka, zimo kreti nyekundu.
Katoni 60 za vyombo hazikufunguliwa, kwa idhini ya msimamizi.

Neno "haujaja" lina thamani kubwa. Bila hilo, meneja atadhani mmesahau kupanga. Msimamizi wa mchana asome mbele ya wa usiku na atie sahihi, halafu watembee pamoja njia ya mlangoni na ya friji. Dakika kumi zinatosha.

Kisha kalale moja kwa moja, kabla jua halijapasha bati. Ziba dirisha kwa kanga nzito, lala hadi Adhuhuri, na uongeze saa moja na nusu jioni. Watu wa nyumbani waambiwe mapema habari ipi inastahili kukuamsha. Maziko, ndiyo, na mwenzako atakushikia zamu kama ulivyomshikia yeye. Jirani anayeuliza chaja ya simu, hapana.